Tosti ya mayai ya kuoka: mkate, rojo na moto

Barua nyingi za safari hii zinahusu chakula kimoja, tosti ya mayai ya kuoka. Ni ndugu wa ile tosti ya kikaangoni, mkate uliochovywa kwenye mayai na maziwa. Tofauti ni kwamba hapa mkate wote hupangwa kwenye bakuli la oveni, humiminiwa rojo ya mayai, hulazwa nayo usiku, na asubuhi huokwa kwa mara moja. Marekani hupikwa sana Jumamosi na Jumapili, watu wanapochelewa kuamka na kuunganisha staftahi na chakula cha mchana. Kwetu inakaa vizuri kwenye chai ya saa nne, siku ya mapumziko au asubuhi ya Idi wageni wanapoanza kuingia. Kazi yote inaisha jana yake, na mpishi anakaa mezani na wenzake badala ya kusimama jikoni akigeuza slesi mbili mbili.

Habari za kazi, wahariri wa jikoni. Jumapili nina wageni wanane. Naomba vipimo kamili, kwa mkate wa slesi wa kawaida wa dukani. Nimeshaijaribu mara moja, juu ilipendeza lakini chini ilikuwa uji mtupu. (Msomaji, Tanga)

Salama, dada. Tuanze na huo uji, kwa sababu ndio unaowakatisha tamaa wengi. Mkate wa slesi ni laini na umejaa unyevu wake wenyewe. Ukiumiminia rojo ukiwa hivyo, hauna pa kuiweka: tabaka la nje linalowa na kubomoka, na rojo iliyobaki inazama chini ya bakuli. Mkate lazima ukauke kwanza. Tunasema ukauke, si ulale tu. Mkate uliolala siku mbili ndani ya mfuko wake unakuwa mgumu, lakini maji yake bado yamo. Ugumu ule ni wa wanga unaojikaza. Kuuweka kwenye friji nako kunaharakisha ugumu bila kuondoa unyevu. Na kwa hewa ya Tanga, kuuanika mezani usiku kucha hakusaidii, utaamka ukute slesi zinavutika kama mpira.

Chukua mkate mmoja wa gramu 400. Panga slesi kwenye waya wa oveni, nyuzi 150, dakika 15, uzigeuze katikati ya muda. Zikiwa tayari, ukizigonga kwa ukucha zinatoa sauti kavu, na rangi bado ni ileile nyeupe. Zikianza kuwa za kahawia umezidisha, maana ganda lililookwa halinywi vizuri. Ziache zipoe kabisa.

Rojo yake ni mayai makubwa 6, maziwa mililita 500, sukari gramu 75 (vijiko 6 vya chakula vya kusawazisha), chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, na vanila vijiko 2 vya chai. Kanuni ya kukumbuka ni hii: rojo iwe na uzito mara mbili ya mkate. Mayai 6 bila maganda ni kama gramu 300, maziwa ni gramu 500 na ushei, jumla 800 kwa mkate wa 400. Ukiwa na mayai ya kienyeji, ambayo ni madogo, tumia 8. Ukibadilisha ukubwa wa mkate, badilisha na rojo kwa kanuni hiyohiyo, usikisie kwa macho.

Changanya sukari, chumvi na viungo vikavu kwanza, kisha tia mayai, upige mpaka usione tena nyuzi za ute mweupe. Hapo ndipo umimine maziwa polepole. Mdalasini ukimwagwa moja kwa moja juu ya maziwa huelea, na asubuhi utaukuta umejikusanya kwenye kona moja. Siagi gramu 50, yeyusha, lakini usiitie kwenye rojo, kwa sababu maziwa ya baridi yataigandisha vipande vipande. Tumia nusu kupaka bakuli, na nusu ipake kwenye slesi kwa brashi.

Bakuli liwe la sentimita 20 kwa 30 hivi, kina sentimita 5. Kata kila slesi kwa mshazari upate pembetatu mbili, uzipange zikiwa zimelala nusu, kila moja ikiegemea mwenzake, ncha zikiangalia juu. Ncha hizo ndizo zitakazokuwa kavu na za kutafunika, na sehemu ya chini itakuwa laini. Mimina rojo ukizunguka bakuli lote, si katikati tu. Kandamiza kwa kiganja, subiri dakika 10, chota iliyojikusanya pembeni umwagie slesi za juu. Funika, tia kwenye friji kwa muda wa saa 8 au usiku mzima. Usipitishe saa 24.

Usiku huohuo tengeneza chenga za juu: unga wa ngano gramu 60, sukari ya kahawia gramu 80, mdalasini nusu kijiko cha chai, siagi ya baridi gramu 60 iliyokatwa vipande vidogo. Fikicha kwa ncha za vidole mpaka upate chenga zenye ukubwa tofauti, kisha changanya na korosho zilizovunjwa gramu 50. Zitie kwenye chombo chao, friji. Ukizimwaga juu ya mkate usiku, zitanyonya rojo na asubuhi utakuwa na ujiuji juu ya tosti.

Asubuhi toa bakuli kwenye friji dakika 30 kabla ya kuoka. Liinamishe kidogo: kwenye kona pasiwe na rojo zaidi ya vijiko viwili vya chakula. Ikiwa ni zaidi, mwaga hiyo ziada. Washa oveni nyuzi 180. Funika bakuli kwa karatasi ya foili, oka dakika 25. Funua, nyunyiza chenga, rudisha bila foili dakika 20 hadi 25. Ikitoka itakuwa imeumuka katikati, kisha itashuka, ndivyo inavyotakiwa. Iache dakika 10 kabla ya kukata, kwani rojo inaendelea kuganda hata nje ya moto. Kwa watu wanane, weka pembeni ndizi mbivu au embe, na asali kidogo. Sukari nyingine haihitajiki.

Oveni yangu ni ya gesi. Juu inaungua, nikichimba katikati nakuta bado mbichi. Nimeongeza muda, nikapata tosti iliyokauka pembeni na kutoa maji. Nakosea wapi? (Nakuru)

Mara nyingi bakuli linaingia kwenye oveni likiwa la baridi kabisa na lina kina kirefu. Joto linafika katikati mwisho kabisa, na hapo pembeni kumeshapita kiasi. Yai likichanganywa na maziwa na sukari huganda likiwa na joto zaidi ya yai tupu. Ukiwa na kipimajoto cha kuchomeka, katikati pasome nyuzi 75 hadi 80. Kwenye 71 mayai yanahesabika yameiva kwa usalama, ila kisu bado kitatoka na utelezi. Ukipita 85 protini za mayai zinajikaza mno na kukamua maji, na hayo ndiyo maji uliyoyaona.

Tumia bakuli pana badala ya lenye kina, mkate usizidi sentimita 5. Weka waya wa katikati, si wa juu. Foili ibaki kwa nusu ya kwanza ya muda, na juu pakianza kuwa pekundu kabla ya wakati, irudishe bila kuibana. Oveni nyingi za gesi zina moto wa chini tu, kwa hiyo weka trei tupu kwenye waya ulio chini ya bakuli ili moto usiupige mkate moja kwa moja. Na namba zilizoandikwa kwenye kitasa usiziamini sana. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni ndicho kitakachokuambia ukweli, na ukishakinunua kitakufaa kwa keki na mikate pia.

Huna kipimajoto? Chomeka kisu chembamba katikati kabisa, kibonyeze kidogo pembeni ili tundu lifunguke. Ikipanda rojo ya rangi ya maziwa, bado. Likionekana tundu lenye unyevu lakini hakuna kinachotiririka, toa.

Tahadhari moja kwa wenye mabakuli ya kioo: kutoka friji kwenda oveni yenye moto mkali linaweza kupasuka. Zile dakika 30 za kukaa mezani zinalilinda bakuli na zinasaidia katikati kuiva.

Watoto wangu hawaitaki kwa sababu ya harufu ya mayai. Nimezidisha vanila mpaka imekuwa chungu, harufu bado ipo. (Mama wa watatu, Mombasa)

Vanila haiwezi kuifunika, mama, kwa sababu harufu hiyo inazaliwa ndani ya oveni. Ute mweupe una salfa, na unapopikwa kwa moto mkali kwa muda mrefu hutoa ile harufu ya yai lililochemka kupita kiasi. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutoa tosti kwa wakati, kama tulivyomweleza msomaji wa Nakuru.

Dawa ya pili ni chujio. Piga mayai, kisha yapitishe pamoja na maziwa kwenye chujio la chai. Utaona vinabaki vile vikamba vyeupe na vipande vya ute ambavyo havikupigika. Vikiingia kwenye mkate ndivyo vinavyogeuka kuwa vinyama vyeupe vya yai, na mtoto akiuma kimoja hatarudi tena kwenye sahani.

Ya tatu, ondoa ute wa mayai mawili na uongeze kiini kimoja. Yaani, badala ya mayai 6 mazima, tumia 4 mazima na viini 3. Rojo itakuwa ya manjano zaidi, nzito na tamu, na harufu itapungua sana. Upande wa viungo, iliki mbichi uliyoimenya na kuitwanga mwenyewe inafanya kazi kubwa kuliko vanila ya dukani, na ganda la limau moja lililokwaruzwa, sehemu ya njano tu, linaikata harufu vizuri. Usitie maji ya limau, maana yatakata maziwa.

Nilipanga vipande vya nanasi katikati ya slesi nikalaza usiku. Asubuhi rojo ilikuwa majimaji, nikaoka saa nzima haikuganda, na ikawa chungu. Nanasi lilikuwa tamu sana, na mayai nilipasua moja moja nikiyaangalia. (Unguja)

Mayai yako hayakuwa na kosa, kosa ni la nanasi kukaa bichi ndani ya rojo. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Ndiyo maana ukilila kwa wingi ulimi unawasha, na ndiyo maana hulainisha nyama. Sasa, rojo ya mayai inaganda kwa sababu protini za mayai hujifungamanisha zikipata joto na kuyashika maji kati yake. Bromelaini ikishinda usiku mzima inazikata, asubuhi hakuna tena cha kujifungamanisha, hata uoke mpaka adhuhuri. Uchungu nao unatoka hapohapo: protini za maziwa zikikatwa vipande vidogo, baadhi ya vipande hivyo vina ladha chungu. Utamu wa nanasi hauwezi kuuficha.

Papai lina kimeng'enya cha aina hiyo, papaini, na papai ambalo halijaiva vizuri ndilo baya zaidi. Tini mbichi nazo zimo kwenye kundi hilo.

Habari njema ni kwamba vimeng'enya hivi vinaharibiwa na moto. Kata nanasi vipande vya sentimita moja, tia kwenye sufuria na kijiko kimoja cha chakula cha sukari, na liache litokote dakika 5 hivi, mpaka vipande vyote viwe vya moto hadi ndani. Endelea mpaka maji yake yapungue, kisha lipoze. Nanasi la namna hiyo unaweza kulilaza na rojo bila wasiwasi. La mkebe limeshapikwa kiwandani, kwa hiyo halina shida, lichuje tu sharubati yake vizuri.

Kama unalitaka nanasi bichi kwa sababu ya ukali wake, na sisi tunakuelewa, maana nanasi la Unguja halihitaji kupikwa, liweke juu ya tosti iliyokwisha kuiva, kwenye sahani, wakati wa kula.

Matunda mengine yana mambo mepesi zaidi. Ndizi mbivu inakubali sana: chagua yenye madoa meusi, ikate vipande vya nusu sentimita, ipange kati ya slesi asubuhi kabla ya kuoka, kwa sababu ikilala inakuwa nyeusi. Embe lina maji mengi. Gramu 200 za embe ndani ya bakuli zinahitaji upunguze maziwa kwa mililita 50, au liwekwe juu baada ya kuoka, na hivyo ndivyo tunavyoshauri.

Naweza kutumia maandazi ya jana badala ya mkate? (Kigoma)

Unaweza. Yakate nusu, yakaushe nyuzi 150 kwa dakika 10. Kwa kuwa yamekaangwa, mafuta yake yanazuia rojo kuingia, kwa hiyo punguza rojo kwa robo, na sukari kwa nusu. Siagi ya kupaka slesi iache kabisa, paka bakuli tu. Chapati hazifai kwa kazi hii. Hazina matundu ya kunywa rojo.

Hapa kwetu nazi ni rahisi kuliko maziwa. Tui lote badala ya maziwa linakubali? (Lamu)

Linakubali, ila usitarajie ugumu uleule. Madini ya maziwa, hasa kalisi, husaidia mayai kushikana, na tui halina kiasi hicho. Njia tunayoipenda ni nusu kwa nusu: tui zito mililita 250, maziwa 250. Ukitaka tui tupu, changanya tui zito 300 na tui la pili 200, ongeza yai la 7, na chumvi usiipunguze. Siagi ya kupaka slesi haina haja, mafuta ya nazi yanatosha. Asubuhi utaona tabaka jeupe gumu juu ya bakuli. Ni mafuta ya tui yaliyoganda kwa baridi, hayajaharibika, yatayeyuka kwenye moto. Badala ya mdalasini mwingi tia iliki na kungumanga kidogo, robo kijiko cha chai, maana ikizidi hapo inatawala sahani nzima.

Sina oveni. Nina jiko la gesi la plate mbili na jiko la mkaa. Kuna namna? (Dar es Salaam)

Ipo, na matokeo yake ni mazuri ukikubali kutumia chombo kidogo. Chukua nusu ya vipimo: mkate gramu 200, mayai 3, maziwa mililita 250, na vingine vyote nusu. Slesi zikaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, ukizigeuza mara kwa mara.

Kwenye gesi, tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko unaobana. Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa sentimita 2, weka juu yake kistendi kidogo cha chuma au kifuniko cha bati kilichogeuzwa. Funika, washa moto wa wastani dakika 15 ili mchanga upate joto. Ingiza chombo chenye tosti, kiwe na nafasi ya kidole kuzunguka pande zote, punguza moto, funika. Dakika 45 hadi 55. Mvuke utajikusanya kwenye mfuniko na kudondokea mkate. Funga mfuniko kwa kitambaa safi cha pamba, ncha zake uzifungie juu, mbali na moto. Juu haitakuwa nyekundu. Ikishaiva, yeyusha siagi kijiko kimoja kwenye kikaango, geuza vipande, upate rangi upande mmoja.

Jiko la mkaa linakupa rangi hiyo bila kikaango, kwa njia ileile ya kuokea mkate wa kumimina: moto chini, moto juu. Tumia sufuria yenye mfuniko bapa wa bati nene. Makaa yakishakuwa na majivu meupe, acha machache chini, robo hivi, na robo tatu iliyobaki itandaze juu ya mfuniko. Watu wengi hufanya kinyume, wakaunguza chini. Tosti ya mayai inaungua haraka chini kuliko mkate wa unga, kwa kuwa sukari ya rojo inazama huko. Hayo ya juu usiyaweke yote kwa mara moja: anza na machache kwa dakika 20 za mwanzo, kisha ongeza yaliyobaki. Angalia baada ya dakika 35. Fanyia kazi hii nje au penye hewa ya kutosha, usifungie jiko la mkaa ndani.

Assalaam alaykum. Huku tuna tende nyingi na zafarani. Nataka tosti isiyo na sukari kabisa. (Maskati)

Wa alaykum salaam. Toa kokwa tende laini gramu 150, ziloweke kwenye maziwa ya moto mililita 150, ambayo umeyatoa kwenye zile mililita 500, kwa dakika 20, kisha saga mpaka ziwe laini. Changanya na maziwa yaliyobaki yakiwa baridi, halafu mayai. Rojo itakuwa nzito, kwa hiyo mkate unahitaji muda zaidi wa kuinywa, usiku kamili, na kandamiza mara mbili. Zafarani nyuzi 15 hivi, zisage na chumvi kidogo, ziloweke kwenye kijiko cha maziwa ya moto kabla ya kuzitia. Zikitupwa nzima kwenye maziwa ya baridi hazitoi rangi wala harufu inayostahili bei yake.

Juu usitie chenga za sukari, tia lozi zilizokatwa nyembamba dakika 15 za mwisho. Tende zinaungua upesi kuliko sukari ya kawaida iliyoyeyuka kwenye rojo, kwa hiyo oka nyuzi 170 na uongeze dakika 5 hadi 10. Asali ya tende ikimwagwa mezani inatosha.

Hapa madukani kuna brioche (mkate laini wa Kifaransa) na challah (mkate wa Kiyahudi), na mapishi yote yanazitaja. Je, ni lazima? Na shira ya maple (utomvu mtamu wa mti wa maple uliochemshwa) niitie kwenye rojo? (Columbus, Ohio)

Si lazima, ila zina sababu ya kutajwa. Zote mbili zina mayai ndani yake, na brioche ina siagi nyingi, kwa hiyo tosti inakuwa tajiri hata rojo ikiwa nyepesi. Challah kwa kawaida haina siagi wala maziwa, ina mafuta, na mkate wake ni imara zaidi. Kati ya mbili hizo tungechukua challah kwa kulaza usiku, na brioche kwa kuloweka muda mfupi wa saa moja au mbili, kwa sababu brioche ikilala sana inalegea. Kata vipande vizito vya sentimita 2.5, kausha nyuzi 300 za Fahrenheit dakika 20. Kwa brioche punguza sukari ya rojo iwe gramu 50. Oka 350 za Fahrenheit, ambazo ni sawa na zile 180 zetu. Kumbuka pia kikombe cha kupimia cha huko ni mililita 240 hivi, kwa hiyo vikombe 2 vinapungua kidogo; ongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa.

Shira ya maple halisi ni ghali, na ikizama kwenye mayai na mdalasini hutaisikia. Ipashe moto kidogo, mwagie mezani, ambapo harufu yake inafika puani.

Umeme wetu unakatika ovyo. Nikilaza tosti kwenye friji na umeme ukakatika usiku ni salama? Na iliyobaki inakaa muda gani? (Kisumu)

Mayai mabichi na maziwa hayana mchezo. Friji iliyokuwa baridi vizuri, ikibaki imefungwa, huhifadhi baridi yake kwa saa 4 hivi. Umeme ukikatika zaidi ya hapo, au hujui ulikatika saa ngapi, usioke ile rojo, mwaga. Njia moja ya kujua kama ulikatika kwa muda mrefu sana: kabla ya kulala gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka sarafu juu ya barafu. Asubuhi ukiikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka, hata kama sasa imeganda tena. Lakini sarafu ikibaki juu si uthibitisho kwamba friji ilikaa baridi, maana friza huhifadhi baridi muda mrefu zaidi ya friji. Nje ya friji, rojo isikae zaidi ya saa 2, na siku za joto la nyuzi 32 kwenda juu, saa 1.

Lakini kwa mazingira yako tungekushauri usilaze kabisa. Jioni kausha mkate, pima sukari na viungo kwenye mtungi mdogo, andaa bakuli lililopakwa siagi. Asubuhi pasha maziwa yawe vuguvugu tu, kidole kivumilie, piga na mayai, mimina, subiri dakika 30 ukikandamiza mara tatu. Rojo ya vuguvugu inapenya mkate mkavu haraka kuliko ya baridi, na kwa kuwa unaoka hapohapo haina muda wa kuharibika. Slesi nyembamba zinakubali njia hii vizuri. Mkate wa vipande vizito utabaki mkavu katikati. Kwa kuwa bakuli halitoki kwenye baridi, anza kuikagua baada ya dakika 40.

Iliyobaki ifunike na kuiweka kwenye friji ikishapoa, ndani ya zile saa 2. Inakaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza, kata vipande, funga kimoja kimoja, inafika miezi 2. Kuipasha, oveni nyuzi 160, foili juu, dakika 15, na dakika 5 za mwisho bila foili. Maikrowevu inaifanya iwe kama sponji, kwa hiyo kama huna oveni bora kikaango chenye siagi kidogo, moto mdogo, mfuniko juu, dakika 4 kila upande.